Siku Nilipolala kwenye Jeneza la Farao

Sikilizeni, aibu hii nimekaa nayo tangu Januari, na kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Scarborough mnaijua kwa upande wenu, yaani upande wa walionililia, acheni leo niwape na upande wa marehemu.

Nianze na cheo changu, maana bila cheo hicho haya yote yasingetokea. Mimi ni katibu wa misiba wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Toronto (cheo hakina kiti wala ofisi, kina simu tu), na siku zote nimewafundisha watu utaratibu mmoja: msiba ukitokea, hatupigi simu kumhoji mfiwa. Niliwahi kumwona mjane mmoja kule mtaa wa Jane na Finch anapokea simu kutwa nzima, kila mtu anataka asimuliwe upya mumewe alivyokufa, mpaka sauti ikamkauka, nikasema basi, iwe mwisho. Tangu hapo inatangulia picha ya marehemu kwenye grupu, maneno yanafuata (mimi kwenye kuandika ni mzito, nabonyeza kwa kidole kimoja), na watu wakishaiona picha hawaulizi, wanavaa mabuti ya theluji wanakwenda. Nilikuwa najivunia sana utaratibu huo. Naibu wangu, Kibwana, alikuwa akisema una haraka mno, nami nikimjibu kwamba yeye hajui kazi.

Sasa, mimi na Mama Neema tulitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, watoto wakatuchangia safari ya Misri, ile ya kupanda meli mto Naili, unalala humo, unakula humo, inatia nanga mji huu mnashuka kutazama mahekalu na makaburi ya wafalme wa kale, halafu inasogea mji mwingine. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, tukamwacha nyumbani na dada yangu Yusta. Mama ana presha. Siku alipopigiwa simu kuambiwa baba amefariki alianguka palepale jikoni, akalazwa, na daktari akatuambia tumkinge na habari za ghafla kuliko tunavyomkinga na chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa nawakumbusha wenzangu jambo hilo kila mara.

Tukafika Luxor. Asubuhi hiyo tulishuka kwenye makaburi ya wafalme, ngazi hadi chini kabisa ardhini, kuta zimechorwa rangi utadhani fundi ameenda kunywa chai anarudi, na mimi ambaye nimezoea kuendesha misiba ya ghorofani kwa haraka kabla lifti ya jengo haijaharibika nilibaki nimeduwaa, watu wamezikwa kwa nafasi kiasi kile. Tulipotoka, karibu na maegesho ya mabasi, palikuwa na duka la kanzu na vinyago, na mwenye duka alikuwa na jeneza la mbao lililochongwa na kupakwa dhahabu mfano wa jeneza la farao, kwa ajili ya watalii. Unalala ndani, anakufunika shuka jeupe mpaka kifuani, unapishanisha mikono, unafumba macho, unapigwa picha.

"Mimi mchezo wa jeneza siupendi," Mama Neema akasema.

Ningemsikiliza hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini wiki ileile Kibwana alikuwa amerudi likizo ya Kuba na kutumwagia kwenye grupu lilelile la misiba, maana tuna moja tu, picha zake za ufukweni, kifua wazi, na watu wakawa wanamsifu mwili (mtu mzima na wajukuu), nami nikajisemea leo watanitambua. Nikaingia. Na kwa kuwa tumbo langu mnalijua, kabla Mama Neema hajabonyeza nikalivuta ndani lote kwa nguvu zangu zote mpaka pumzi ikakata, nikamwambia kwa meno yaliyoumana asogee karibu, uso uonekane. Akasogea mno. Dhahabu yote ya farao ikabaki nje ya picha, zikabaki mbao, shuka jeupe na mimi.

Simu iliyopiga ni ya Mama Neema, maana yangu ilikuwa imeisha chaji, nikaichukua. Mwenye duka akatuunganisha na mtandao wake, nikaituma picha kwenye grupu, picha kwanza kama desturi yangu, kisha nikaanza kutafuta herufi niandike: Kwaherini watu wa theluji, mwenzenu nimeshafika kwa wafalme (namshukuru Mungu maneno hayo hayakwenda). Nilikuwa hata sijamaliza neno la kwanza, kiongozi wa msafara akatuita, basi linaondoka, nikatia simu kwenye mkoba wa mke wangu, na mtandao tukauacha dukani. Melini mtandao ulikuwa ukipatikana ikishatia nanga tu, tena ukumbini, na sisi mchana kutwa tulikuwa tunasafiri. Nilikunywa chai juu ya meli, nikatazama mashamba ya miwa yakipita, nikalala usingizi mnono ambao sijaulala tangu nihamie Kanada.

Toronto ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka, Jumamosi, watu wengi hawana zamu. Wakaamka wakaikuta ile picha. Imetoka kwenye simu ya mke wangu, imeingia kwenye grupu la misiba, katibu amelala kwenye sanduku la mbao, shuka jeupe, macho yamefumbwa, mikono kifuani, na hakuna neno hata moja. Wa kuuliza ni nani, wakati niliwakataza mwenyewe?

Yaliyotokea huko nimesimuliwa. Mama Tumaini alitoka Parkdale, mwisho mwingine wa mji, na sufuria la pilau, akalipakata kwenye basi mpaka Scarborough. Mabuti yakajaa mlangoni mpaka kwenye korido ya majirani, kochi letu likatolewa nje, mikeka ikatandikwa. Msimamizi wa jengo akapanda kuja kugomba kuhusu kochi, akaambiwa kuna nini, akavua kofia. Kibwana alishika uongozi, na nasikia kila kitu kilikwenda sawasawa, viti, chai, sala, zamu za kupika, kwa ufanisi ambao hakuwahi kunionyesha nikiwa hai. Watoto wetu ndio hawakujua lolote, maana walishakataa kuwa kwenye grupu la wazee, na kwa utaratibu wangu wafiwa hawapigiwi simu.

Jioni meli ikatia nanga Edfu. Usiku huo abiria wote tulitakiwa kuvaa kanzu za Kimisri kwa ajili ya sherehe ya chakula, nami nilikuwa nimenunua nyeupe, ndefu, ya kung'aa. Ngoma zinapigwa, taa zimewaka kila kona, supu ndiyo imeletwa, simu ya Mama Neema ikaanza kutetemeka mezani, haikomi, mpaka ikasukuma kijiko. Akaisoma akaigeuza chini. Nikamnyang'anya. Pole Mama Neema. Pole sana dada, tuko njiani. Katibu wetu jamani. Kibwana alikuwa ameandika wasifu mrefu, kwamba nilikuwa mtu wa watu, mnyenyekevu, nisiyejikweza (nawaambia ukweli, niliusoma mara mbili), na chini yake mtu alikuwa ameshapendekeza kwamba akaimu nafasi yangu, na wengi walikuwa wameunga mkono.

Nilikuwa nimeanza kucheka. Mke wangu akaniuliza jambo moja tu, mama ameambiwa na nani, nami nikasimama na simu mkononi.

Nilimpigia Yusta, haipokelewi. Nikapiga tena na tena, haipokelewi. Nawaambieni, kwenye ule ukumbi wenye ngoma na taa mimi nilikuwa namwona mama yangu amelala chini jikoni, na kilichomlaza ni upuuzi wangu mwenyewe. Mama Neema akachukua simu, akampigia Kibwana, na kwa haraka zake akabonyeza ile ya kuonana kwa picha. Kibwana akapokea kwa sauti ya msibani, pole shemeji, na mimi nikaipokonya simu nikaweka uso wangu pale.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi yake. Amemaliza kuongoza sala, anatazama simu, na marehemu anamtazama, amevaa kanzu nyeupe ya kung'aa, nyuma yake taa na watu wenye kanzu nyeupe wanaimba.

"Katibu," akasema polepole sana, "huko uliko kuna ngoma?"

"Niko hai, Kibwana. Mama yuko wapi?"

Akampa simu mtu wa pembeni, naye akampa mwenzake haraka haraka, hakuna aliyetaka kuishika, nikawa naona dari ya sebule yangu, kanga, dari, sufuria, mtu anakimbilia barazani, dari tena. Halafu simu ikatulia, na aliyeishika alikuwa mama. Amekaa kwenye kiti chake, sahani ya pilau mapajani, miwani puani.

Nililia. Mbele ya Wajerumani wa meza ya jirani na supu yao, ndani ya kanzu ya sherehe, nililia hadi mhudumu akaja kuniuliza kama chakula kina kasoro.

"Nyamaza," mama akasema. "Niliwaambia hawa tangu asubuhi, hawakunisikia. Maiti haibani tumbo."

Nikasikia sebule nzima kila mtu anatafuta simu yake. Waliikuza ile picha mmoja mmoja, na kweli, ukitazama vizuri mishipa ya shingo imesimama, mashavu yamevimba kidogo, na pale shuka linapopaswa kuinuka limelala tambarare. Kicheko kilichofuata nilikisikia mpaka Edfu. Pilau waliimaliza, na msimamizi wa jengo naye alipewa sahani.

Nimesharudi kazini, na utaratibu umebadilika: maneno kwanza, picha baadaye, na ruksa kuuliza. Kibwana ndiye aliyelileta pendekezo hilo, na mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Lakini kuna jambo Yusta aliniambia siku tuliyorudi, wakati navua viatu mlangoni. Kwamba mama hakujua tangu mwanzo kama alivyojidai. Watu walipoingia wanalia, aliomba simu, akaenda kukaa peke yake chumbani kwangu, akawa anaikuza ile picha kwa vidole viwili, anaisogeza, anaikuza tena, muda mrefu, hataki maji wala dawa, hataki mtu amshike. Ndipo akatoka, akaketi, akaagiza pilau. Nilipomuuliza mwenyewe alisema hayo ni maneno ya Yusta.

Kwa hiyo nimejiwekea nadhiri, na mnaweza kunishuhudia. Jeneza, hata la farao, hata la dhahabu tupu, sitaingia tena mpaka siku yangu yenyewe. Na picha sikatai, nipigeni kanisani, nipigeni harusini, ila msiniambie nijiweke vizuri. Tumbo naliachia lote. Mama huzitazama zote, na nataka kila anapoiona moja ajue palepale kwamba nipo.