Dakika Nne Hewani

Mimi nilikuwa mpiga simu. Si mtangazaji, si mwanasiasa: mpiga simu wa redioni, na nilijivunia cheo hicho kama mwingine anavyojivunia shahada. Miaka ile ya elfu mbili stesheni zilikuwa zinafunguliwa Nairobi kila kukicha, na asubuhi hukosi mtangazaji anayewabembeleza wananchi wapige simu waseme yaliyo moyoni. Nani alimtuma anibembeleze mimi! Nilikuwa fundi wa nguo pale Dagoretti Corner, kibanda changu kikitazama barabara ya Ngong, na simu ilikaa juu ya meza ya cherehani, karibu na mkasi. Mikono ilikuwa na kazi, lakini mdomo ulikuwa huru.

Lazima nieleze tulikotoka. Nilipokuwa msichana, baba akitaka kumtaja mkubwa wa nchi alitazama mlango kwanza, kisha akasema "yule mzee", na hata hapo mama alimkanyaga mguu chini ya meza. Mwalimu wetu mmoja alisema jambo matangani, hatukumwona darasani tena. Kwa hiyo serikali ilipobadilika na midomo ikafunguka, wengine wetu tulilewa. Niliwasema madiwani kuhusu takataka, nikawasema wabunge kuhusu mishahara yao, na hakuna aliyekuja kunikamata. Nikipeleka mapazia Lavington, wasichana wa kazi walinifungulia geti wakicheka, "Mama, leo tumekusikia jikoni! Umewapa vidonge vyao!" Nilitembea shingo juu siku nzima. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba niliiona miaka ile, na sitaki mtu asome haya akadhani ninalilia enzi za kunong'ona.

Lakini ukafika mwaka wa uchaguzi.

Nilikuwa nakaa Kabiria, kwenye ploti ya nyumba sita, geti moja, mfereji mmoja. Aliyepakana nami ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu wa nasari, mwanamke mpole wa sauti ila si mpole wa maneno, mwenye mume na watoto wawili. Kwao ni magharibi mwa nchi, kwetu ni huku huku kando ya jiji. Kwa miaka sita jambo hilo halikuwa na maana yoyote, isipokuwa kwamba ugali wake ulikuwa mgumu kuliko wangu. Nilipougua homa ya matumbo, yeye ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi kabla ya kwenda shule, akasimama pale mpaka niumalize.

Basi kampeni zilipopamba moto, mumewe akabandika picha ya mgombea wao kwenye geti letu. Nikaibandua. Kesho yake ikarudi, kubwa zaidi. Nikaibandua tena, safari hii mbele ya mwalimu mwenyewe, naye akaniambia taratibu huku akijaza ndoo, "Mama, kwani unaogopa karatasi?" Watu waliokuwa mferejini wakaangua kicheko. Wacha! Nilitoka pale bila hata kunywa chai.

Kibandani nikafungua redio. Walikuwa wanazungumzia kampeni, wangezungumzia nini kingine? Nikapiga. Simu haikwenda moja kwa moja kwa mtangazaji. Ilipokewa kwanza na msichana mmoja ambaye tulijuana kwa sauti tu. "Mama wa cherehani! Leo uko na gani?" Nikamwambia leo niko na majirani zangu, nikamwonjesha kidogo. Kisha akasema, "Zima redio yako, mama, isilete mwangwi." Nikazima. "Haya, endelea."

Nikaendelea. Ee Mungu wangu, niliendelea! Nilisema watu wa upande ule shukrani yao ni ya punda, ni mateke. Nikasema tumewapa nafasi na sasa wanataka kutukalia kichwani. Nikasema wako hata Kabiria, chini ya kinu cha unga, kwenye ploti ya geti la buluu, nyumba ya tatu, na kama vijana wetu ni vijana kweli, wawatoe kabla ya siku ya kura. Niliyasema yote kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kukohoa. Simu iliandika dakika nne na ushee.

"Umemaliza, mama?" akauliza yule msichana.

"Nimemaliza."

"Asante." Simu ikakatika.

Nikawasha redio: tangazo la sabuni. Nikangoja pongezi. Muuza matunda wa kibanda cha pili, aliyekuwa amefungulia stesheni hiyohiyo, alikuwa akipanga mapapai yake bila habari. "Umenisikia?" nikamwuliza.

"Wapi? Si leo hujapiga?"

"Nimeongea dakika nne!"

"Aki mama, hapa kulikuwa na mwanaume wa Embakasi analia na barabara, halafu wakaweka muziki."

Kumbe niliongea na simu peke yake! Nilivimba kama andazi kwenye mafuta. Kila mteja aliyekuja kupimwa siku ile alisikia habari zangu: kwamba nimezibwa mdomo, katika nchi huru, na kasichana kasikojua hata kushona kifungo. Nilimwambia mpaka askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, na hao hawaambiwi kitu. Stesheni ile sikuipigia tena.

Kura zikapigwa, matokeo yakagombaniwa, majirani wakaanza kufukuzana na kuuana; hayo kila Mkenya anayajua. Wiki ile ya mwaka mpya, asubuhi kweupe, vijana kama kumi na watano walifika getini petu na marungu na mapanga. Mimi ndiye niliyekuwa uani, nikianika nguo. Aliyewatangulia hakuwa mkali. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonitia baridi.

"Sasa mathe. Kuna watu wa ile side wanakaa hapa?"

Pazia la nyumba ya tatu lilikuwa limefungwa. Nilijua mwalimu yuko ndani na watoto, amewaziba midomo kwa mikono yake.

"Hapa ni sisi tu," nikasema.

"Na ile nyumba?"

"Ya dada yangu. Ana homa, amelala."

Akalitazama geti, akawaashiria wenzake. Wakaenda zao. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wameuliza, nikawaza. Wameuliza kwa sababu hawajui. Maneno yangu ya siku ile yangetoka hewani, wasingemwuliza mtu. Wangehesabu milango tu, moja, mbili, tatu.

Mwalimu na watu wake waliondoka kesho yake kwa gari la kanisa, na walirudi miezi kadhaa baadaye, mambo yalipotulia. Jumapili ya kwanza akasimama mbele ya waumini, machozi yakimtiririka, akasema yuko hai kwa sababu ya jirani yake, akaninyooshea mkono. Kanisa zima likapiga makofi. Nilitazama viatu vyangu. Akawa ananiletea chapati mlangoni, na kila sahani ilinichoma mkono. Ukweli nilikuja kumwambia, na alichonijibu ni chetu sisi wawili. Lakini shukrani zile zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe nilikuwa sijawahi hata kumwona.

Nikashona mfuko wa kitenge, maana mfuko hauhitaji vipimo, nikaenda nao mjini. Nikamwambia askari wa jengo la stesheni ile kwamba namtaka msichana anayepokea simu za asubuhi. Akashuka kwa lifti: mdogo wa umbo, sweta kubwa, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nilipofungua mdomo tu akanijua. "Mama wa cherehani! Ulituhama?"

Nilimweleza yote palepale mapokezi, nikiwa nimesimama: geti, vijana, kanisa, chapati. Niliishika mikono yake miwili nikalia bila haya, watu wakipita na mafaili yao. "Nashukuru, binti yangu," nikamwambia. "Nashukuru sana. Nilikutukana kwa kila mtu, na wewe ulikuwa umeniokoa. Namshukuru Mungu kwamba siku ile hakuna mtu hata mmoja aliyenisikia."

Aliukunjua ule mfuko, akaukunja tena.

"Mimi nilisikia, mama," akasema. Hakuwa na hasira. "Mimi pia ni wa upande huo."

Mimi, mwenye mdomo wa kulisha stesheni nzima, niliweza kumwuliza tu mbona basi hakunikatia simu.

"Ningekata, ungepiga stesheni ingine," akasema. "Nikaona heri umalize yote kwangu."