Mstari wa tope na ng'ombe wa Gidamis

Saa moja asubuhi mjini Katesh, ukungu bado umeukalia Mlima Hanang, na Violeth Hhando tayari amesimama mbele ya ukuta, brashi mkononi. Anapitisha mstari wa rangi ya kahawia kutoka kona hadi kona, usawa wa kifua cha mtu mzima. Chini ya mstari kuna maneno matatu: Tope lilifika hapa.

Mama mmoja anayepita na beseni la vitunguu anamtania. "Fundi, huo mstari wako hauishi tu?"

"Jua linaufuta, mimi naurudisha," anajibu bila kugeuka.

Violeth, mwenye miaka 36, ni fundi wa mabango. Saluni, bucha, duka la dawa za mifugo, huko kote mkono wake umepita. Bango moja humpa kama shilingi elfu thelathini, na kuna wiki hapati hata moja. Alijifunza kazi hiyo Haydom, alikozaliwa, kwa kuandika vibao vya migahawa inayolisha wagonjwa na ndugu zao wanaoshuka kwenye mabasi kwenda hospitali.

Ukuta huu haumwingizii hata senti. Lakini ukitaka kumwona Violeth akikasirika, mwambie aufute.

Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani na kuua watu. Miezi iliyofuata Violeth aliona jambo lililomchoma moyo: kwenye mtaa wake kuta zilikuwa zinasuguliwa, zinapakwa chokaa, vyumba vinapangishwa.

"Mgeni anakuja na watoto wake analala palepale, hajui kitu," anasema. "Nikasema hapana. Mgeni ajue. Na wakubwa wanaopita na magari nao wauone, wakumbuke kwamba mtaa huu unataka mfereji wa maji ya mvua."

Alimwomba ukuta mzee Felician, mwenye nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha. Mzee alikubali shingo upande. Juu ya mstari Violeth akawachora waliokufa mtaani hapo, kila mmoja na kitu chake: fundi nguo na cherehani, binti wa kwaya na joho lake, na Gidamis, mfugaji wa kijiji cha Getanuwas aliyekuwa amelala mjini kwa rafiki yake, akiwa na ng'ombe.

Kwenye ng'ombe ndipo alipoteleza. Alimchora kwa kubuni tu, mweusi mwenye paji jeupe na pembe zilizopinda mbele. Alimpenda sana, anakiri, hadi akasogea hatua chache kumtazama vizuri.

Siku ya mnada wa mifugo wafugaji wakasimama mbele ya ukuta. Huyo ng'ombe walimjua. Alikuwa mali ya jirani wa Gidamis.

Kesho yake akaja mzee Gwandu, kaka wa marehemu, pamoja na Imakulata, mjane wa Gidamis.

"Shikamoo baba," Violeth akamsalimu.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemfanya ndugu yangu mwizi?"

Violeth hakuelewa. Gwandu akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto: mtu wao amesimama barabarani, mbele ya watu wote, ameshika ng'ombe wa mtu mwingine. Jirani mwenyewe alikuwa ameshauliza. "Ninyi Wambulu mkishavuna mahindi mnaona ng'ombe wote ni sawa," akasema. Violeth, Mmbulu ambaye kwao kuna ng'ombe sita, alimeza tusi hilo.

Mzee Felician naye akapata upenyo. Wapangaji wawili walikuwa wameuona mstari wakaondoka. "Kama wenye mtu wao hawataki, basi tupake chokaa ukuta mzima yaishe," akasema.

Violeth aliomba apewe wiki moja. Akaenda Getanuwas. Imakulata akampeleka zizini na kumwonyesha ng'ombe ambaye mumewe alimpenda kuliko wote: jike mwekundu, baka jeupe ubavuni, pembe ya kushoto imeinama.

"Alikuwa anamwimbia huyu," Imakulata alimwambia. "Mimi hakuwahi kuniimbia." Wakacheka wote wawili, kisha Imakulata akalia, na Violeth akakaa naye kwenye majani hadi akatulia. Kumchora ukutani, juu ya yule mweusi, kulikuja baadaye.

Mnada uliofuata Gwandu alikuja na wanaume wa ukoo. Walimkagua ng'ombe wa ukutani kuanzia kwato. Mmoja akasema baka lingeshuka kidogo. Violeth akalishusha hapohapo wakimtazama. Kisha Gwandu akatoa siagi kwenye kibuyu, akapaka kidogo ukutani, chini ya miguu ya Gidamis, akanong'ona maneno ya baraka.

"Huyu sasa ni wetu," akasema. "Tukija mnadani tutapita kumsalimia."

Na kweli wanapita. Mzee Felician anasimulia hayo huku akikuna kichwa. "Sasa nitapakaje chokaa juu ya ng'ombe wa watu? Nikigusa tu, nitajibu kwa ukoo mzima." Anajaribu kununa, lakini hawezi. Vyumba vitatu sasa vina wapangaji, baada ya yeye kuzungushia msingi kinga ya mawe, kwani kila aliyekuja aliuliza habari ya mstari kabla ya kuuliza kodi.

Wiki iliyopita mzee huyo alimwita Violeth tena. Fundi alienda akijua ni ugomvi mwingine. Felician akamfungulia mlango wa chumba kilichobaki.

"Nichoree mstari na humu ndani," akamwambia. "Mtu asije akasema nilimficha."

 Violeth alitoka nje kuchukua rangi, na huko nje akafuta macho kwa kanga.

Sasa wenye nyumba wengine watano wamemwita, na anapanga kuupeleka mstari huo hadi korongoni, tope lilikopitia, kabla ya masika. Mfereji bado anaudai, na anasema hatachoka kuudai.

"Nataka ije mvua kubwa, ipige kweli," anasema akifunga kopo lake. "Halafu asubuhi nipite nyumba hadi nyumba, nikute mstari wangu ni mkavu, na watu wanapika chai."