Mcheza Vivuli wa Patra na Binti Aliyefundwa Kunyamaza

Saa nne asubuhi, kwenye ua wa nyumba moja mtaa wa juu katika mji wa Kigiriki wa Patra, watu wanagombana nyuma ya pazia jeupe. Waziri anafoka. Mama mmoja analilia chakula cha watoto. Mjomba kutoka milimani anaapa kwamba leo lazima mtu alale na manundu. Ukichungulia nyuma unakuta anayewasemea wote ni mtu mmoja tu, Anargiros Kapsalis, miaka sitini na minane, fito za vikaragosi mikononi na jasho likimtiririka.

Kisha anakohoa, na wote wananyamaza.

Wiki ijayo Mzee Anargiros atapasuliwa koo. Saratani imeshika zoloto, kiungo kinachotoa sauti, na madaktari wataitoa yote. Atapona, Mungu akijalia, lakini sauti ndiyo basi tena. Angekuwa seremala ningejua la kumwambia.

Binti yake, Evdokia, ana miaka thelathini na tisa, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimalizia nyuma ya pazia. Yeye ndiye anayekata vikaragosi kwenye ngozi ya ndama, kuvipaka rangi na kumpa baba yake kila kimoja zamu yake inapofika. Ila kwa miaka yote hiyo hakuwahi kutamka neno pale. Wacheza vivuli wa zamani walishikilia kwamba msaidizi hafungui mdomo. Fundi mkuu peke yake ndiye huwasemea vikaragosi wote. Anargiros alichapwa fito na mwalimu wake aliposahau, naye akamlea binti yake vivyo hivyo.

"Nilimfundisha mikono, mdomo nikaufunga," anasema. "Nilidhani nailinda kazi."

Mwaka juzi alialikwa Izmir, ng'ambo ya bahari, kucheza pazia moja na mzee wa Kituruki. Lugha hazikuelewana, lakini kikaragosi mwenye kibyongo wa huku na mwenye ndevu wa kule walizabana vibao kama ndugu wa tumbo moja, na watu wakavunjika mbavu. Mzee yule amekwisha kufa, na vivuli vyake vimefungiwa sandukuni.

"Yeye hakuwa na mtoto," Anargiros anasema. "Mimi ninaye, nikamnyamazisha."

Jirani aliwashauri wanase sauti yake mapema. Mzee alikataa, maana mashine haisubiri watoto wamalize kucheka. Kwa hiyo sasa kila asubuhi baba huonyesha kwanza, kisha binti anasema, baba anachezesha.

Asubuhi niliyokuwapo, sauti ya waziri ilimtoka Evdokia vizuri. Kazi ilikuwa kwa mwenye kibyongo, yule maskini pekupeku ambaye watoto huja kumwona yeye tu. Evdokia alimpa sauti ya baba yake, na mikwaruzo yake yote. Mzee akaweka fito chini.

"Huyo ni mimi, mwanangu. Mtafute wa kwako."

"Nitamtoa wapi, baba? Maisha yangu yote nimemsikia huyu tu."

Mzee akaziokota fito tena. Niliona uchungu kuwatazama.

Wamepanga kucheza uwanjani kwao sikukuu ya Bikira Maria, mwezi wa nane. Evdokia alipoingia ndani kuchemsha kahawa, mzee aliniambia kwamba siku hiyo hatagusa fito. Atakaa mbele kabisa, katikati ya watoto.

"Akimpata wa kwake, nitacheka," alisema.

Madaktari wamekwisha kumweleza kwamba hata kicheko chake hakitasikika. Na kutoka nyuma ya pazia, Evdokia hataweza kumwona.