Utani Haujibiwi kwa Injini

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua pale uwanja wa ndege wa Masasi, mwanangu, nikiwa kijana wa kupima mizigo ya abiria. Watu walikuwa wameshapanda, na rubani hataki kuondoka. Nakusimulia haya kwa sababu umeanza kuendesha Kosta ya Masasi na Newala, na jana nilipopanda nawe niliwasikia abiria wakikuita bibi harusi kwa vile ulipunguza mwendo kwenye kona za kupandia huku juu. Nikasikia gari linavyoongeza mwendo. Nilinyamaza, maana si adabu kumsema dereva mbele ya abiria wake.

Rubani yule alikuwa Kapteni Stefano, Mmakua, mtoto wa kijijini Lukuledi. Kila alipotua watu walitoka sokoni kuja kumwangalia, kwani hatukuwa tumezoea kumwona mtu wa kwetu akishuka ile ngazi na kofia yake. Siku hiyo wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya milima ya mawe, na kile kitambaa cha kuonyesha upepo mara kinaelekea huku, mara kule. Kapteni alisimama chini ya bawa, akatazama, akasema, "Tungoje lipite." Alilisema taratibu, kama mtu anayengoja uji upoe.

Miongoni mwa abiria alikuwamo Bwana Issa, Myao, muuza vitenge, mtani wake tangu utotoni. Ninyi mmezaliwa utani umepoa kidogo, lakini unajua kwamba huku Myao na Mmakua hawakasirikiani. Mtani akikutukana unacheka, akikuzomea unamjibu, na akifa unamzika. Basi Bwana Issa akatoa kichwa mlangoni akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye uzio, "Jamani, nilisema mimi. Mmakua mpeni mtego wa panya wake wa kitoweo, ndege mmempa ya nini? Anaogopa kulowa huyo."

Watu walicheka, nami nikacheka, maana ilichekesha kweli. Kapteni mwenyewe alicheka. "Myao we," akamwambia, "leo utavitapikia vitenge vyako." Angeishia hapo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini alilitazama tena wingu, akautazama ule mlango uliojaa vicheko, akapanda. Ngazi ikaondolewa.

Ndege ilikimbia, ikainuka vizuri tu. Mara mvua ikaumwagikia uwanja mzima, na ndani ya mvua ile tukaiona ndege inarudishwa chini, pua ikiwa bado inatazama juu. Ikaangukia kwenye mikorosho nyuma ya uwanja. Wataalamu waliokuja baadaye walieleza kuwa upepo wa dhoruba uliikandamiza kutoka juu, na kwa kuwa ndiyo kwanza ilikuwa inaruka, haikuwa na nafasi ya kujiokoa. Baadhi ya abiria walitoka hai. Bwana Issa alitoka, mkono umevunjika. Kapteni hakutoka.

Tulimzika Lukuledi. Unaijua desturi, watani ndio wachimba kaburi, na mtu hazikwi kabla mtani wake hajamtania. Bwana Issa alikuja na mkono wake umefungwa shingoni, akakaa mbali na watu. Jeneza lilipofika kaburini tukangoja sauti yake, nayo haikuja. Wapo waliokuwa wakinong'ona kwamba afukuzwe. Ndipo mama wa marehemu akasema, "Issa, njoo ufanye kazi yako. Mwanangu hazikwi kama mtu asiye na mtani."

Akaja. Alisimama ukingoni.

"Mmakua we," akasema, "maisha yako yote hujawahi kunisikiliza. Siku ile ulinisikilizia nini?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa yule mama, naye alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akatugeukia sisi vijana tuliobeba jeneza. "Issa msimguse. Alitania kama inavyompasa, na mwanangu alimjibu vizuri kwa mdomo. Ingetosha. Utani haujibiwi kwa injini."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, ya kanisani na ya msikitini, na mengi nimeyasahau. Hilo la yule mama sijalisahau.

Basi, mwanangu, wakikuita bibi harusi, wajibu. Waulize mahari yako wamelipa lini. Watanie mpaka wajute kupanda, maneno unayo, wewe si mtoto wa Newala? Lakini mguu wako usiingie kwenye mazungumzo hayo. Na siku mvua ikiziba barabara kule kwenye kona, egesha gari, zima, tia ufunguo mfukoni, uwaache wacheke mpaka wachoke wenyewe. Watachoka. Mvua nayo itapita.

Mungu akujalie ulimi mwepesi na mguu mtulivu, na mama yako azeeke akiisikia honi yako ikifika nyumbani kila jioni.