Mkia wa Haidrojeni Juu ya Katoni

Mwaka nilioanza kufundisha fizikia Dodoma, mwalimu aliyenifundisha somo hilo alikuwa ameshapofuka. Ugonjwa wa vikope ulimmaliza macho, akastaafu, akajifungia chumbani kwake, mtaa wa Majengo. Mkewe alikuwa ameingia kwenye biashara ya mitumba, iliyoruhusiwa miaka ile, na siku moja akakuta jarida la sayansi ndani ya robota la nguo.

“Kamsomee, mwanangu,” aliniambia. “Hata barazani hataki kukaa.”

Nikaenda baada ya vipindi. “Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Umekuja kunionea huruma?”

Kweli nilikuwa nimekuja kwa huruma. Nikafungua jarida. Makala ilihusu galaksi mbili katika kundi kubwa la galaksi. Zilipopishana kwa karibu, uvutano wa galaksi hizo uliifyonza gesi ya haidrojeni ikaburuzika nje, ikawa mkia mrefu kuliko galaksi zenyewe.

“Mkia una rangi gani?” akauliza.

“Hauna, Mwalimu. Hauonekani kwa macho. Wanasayansi wameupata kwa mawimbi ya redio, kwa madishi makubwa.”

Akacheka, mara ya kwanza tangu niingie.

“Kumbe nao walipapasa! Hebu nionyeshe, nami nipapase.”

Niliona haya kwamba sikuwahi kulifikiria hilo. Kesho yake nilibandika uzi wa katani juu ya kipande cha katoni, nikifuata mistari ya picha ya jaridani, na vifungo viwili vya shati vikawa galaksi. Alipitisha vidole polepole, akarudia, akasema uzi wangu umelegea upande mmoja. Nikaubandika upya.

Wiki iliyofuata alikubali nimshike mkono hadi shuleni. Mlangoni mwa darasa aliganda. Wanafunzi wakasimama wote. “Kaeni,” akasema, na sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikinitisha nikiwa kidato cha pili. Katoni ilipita dawati kwa dawati, nao wakaipapasa wakiwa wamefumba macho, kama alivyowaamuru.

Msichana mmoja akauliza, “Hiyo gesi itarudi, Mwalimu?”

“Nyingine itarudi, nyingine itapotea. Kiasi gani, sijui. Soma, uje uniambie.”

Tangu hapo alikuja kila Jumatano. Mkewe alinung’unika, huku akitabasamu, kwamba siku hizi mzee hatoki mpaka shati lipigwe pasi.