Bunduki Niliyoisugua

Mafundi hatuwezi kusema maneno mawili bila kujisifu, basi niseme mapema kwamba mikono hii ilijua kazi. Kule mtaa wa Gerezani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, tulikuwa mafundi saba chini ya paa moja la mabati. Wenzangu waliunda, mimi nilimalizia kwa msasa na vanishi. Miaka ile vitu vipya vilikuwa adimu, hivyo riziki yetu kubwa ilitokana na vikuukuu: madawati ya ofisi yaliyouzwa mnadani, vitanda vya Wahindi waliokuwa wanahama, makabati yaliyoonjwa na mchwa. Kila kimoja kilikuja na alama za mwenyewe wa zamani, namba ya ofisi au herufi zilizochongwa kwa kisu. Sisi tuliziita uchafu. Sharti la banda letu lilikuwa kwamba kitu kikitoka kwetu kisibaki na dalili ya mtu aliyekitumia. Hakuna mteja anayetaka kulalia kitanda chenye jina la mwanamume mwingine.

Naeleza hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililotuharibia.

Kwetu kusini mtoto ni wa mjomba wake. Kaka mkubwa wa mama yangu ndiye aliyenileta Dar es Salaam, akanitia kwenye ufundi na kunipa nusu ya chumba chake. Alikuwa mlinzi wa duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindu, na kabla ya hapo alikuwa askari wa Mwingereza, akapigana Burma. Jeshi liliisha lakini mwendo haukumtoka. Alikwenda hata chooni na kopo lake kwa hatua za gwaride, na wapangaji wenzetu walimpigia saluti za utani, naye akazipokea bila kucheka.

Mwaka ambao watu wa kwetu walihamishiwa kwenye kijiji kipya, mama aliandika barua. Shamba alilopewa lilikuwa pembeni kabisa, limepakana na msitu. Baba alikwishafariki. Nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mihogo, naye alilala dunguni peke yake, kwenye kile kichanja cha miti, akipiga debe mpaka asubuhi. Nilimsomea mjomba barua ile mara mbili. Yeye kusoma hakujua. Barua zake zote za kwenda na kurudi zilipita kwangu.

"Mwandikie," akasema, "naacha kazi. Nakuja na bunduki. Mwambie mwaka huu atalala ndani."

Bunduki yenyewe ilikuwa ya tajiri yake. Ilikuwa ya kijeshi, ya zamani, aina ileile aliyoibeba vitani, iliyouzwa kwa raia vita vilipokwisha. Yule mzee wa Kihindu aliwahi kuwinda nayo ujanani, sasa alikuwa anahama na familia yake na hakuruhusiwa kuondoka nayo. Mjomba aliinunua kwa akiba yake yote na baiskeli juu. Barua ya balozi wa nyumba kumi, barua ya katibu wa kijiji, picha, alama za vidole: karatasi zile zilichukua miezi saba. Kila alipotoka polisi bila kibali alisema, "Wameniambia wiki ijayo," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema.

Tangu siku alipokabidhiwa kibali, hakutulia mpaka ajue kama inapiga sawa. Jumapili iliyofuata tukaenda nje ya mji, kwenye uwanja wa shabaha wa mgambo, ambako mwalimu wao alikuwa askari mwenzake wa zamani. Alikuwa na risasi sita. Akalala kifudifudi mchangani, mzee wa mvi, akaweka shavu kwenye kitako cha bunduki na kulenga muda mrefu mpaka nikadhani amezidiwa. Risasi ya kwanza ilipita juu. Akanung'unika, akasogeza kiwiko. Nne zilizofuata zilitoboa kifuniko cha debe, zote mahali pa kufunikwa na kiganja. Ya sita alinipa mimi. Ilinipiga teke la bega nikakaa chini, naye akacheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumwona mtu ana furaha kiasi kile, na bado naiona.

Njiani akanikabidhi. "Mbao zake zimekauka, mpwa wangu. Zipake mafuta. Jumatano naipeleka polisi waiandike safari, Ijumaa napanda basi."

Mafuta tu, alisema. Lakini mimi nilikuwa fundi wa Gerezani. Niliona aibu mjomba wangu arudi kwao na kitu kilichochubuka namna ile. Kila alipoingia zamu, nilifunga mlango nikaifanyia kazi, kwa siku mbili, na aliporudi niliificha uvunguni. Mbao nilizipiga msasa mpaka zikawa laini, nikaondoa mikwaruzo, nikaondoa na namba iliyochongwa pale mbele. Namba nyingine ilikuwa kwenye chuma, imezama katika kutu. Hiyo niliifuata kwa tupa, taratibu, kisha msasa, mpaka chuma kikawa cheupe. Halafu vanishi, mikono mitatu. Ilikuwa nzuri, jamani. Niliitundika ukutani nikakaa kitandani kuitazama.

Mjomba aliiona mara alipoingia. Akaitoa ukutani, akapitisha kidole pale kwenye chuma, akapitisha tena.

"Namba iko wapi?" akauliza.

"Nimeisafisha, mjomba."

Akakaa. Akailaza bunduki magotini, akasema, "Basi. Umefanya vizuri, inang'aa." Alinipa ile sifa huku uso wake umezeeka.

Jumatano aliipeleka hivyohivyo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukwepa. Nilimsindikiza. Ofisa alifungua kitabu cha kibali, akaitazama bunduki, akaigeuza huku na huku akitafuta namba ya kulinganisha. Kisha akauliza nani ameifuta. Nilifungua mdomo. Nasema kweli, nilifungua mdomo, lakini mjomba alinikanyaga mguu kwa buti lake.

"Nimesugua mimi, afande," akasema. "Mimi mwenyewe."

Walimweka ndani siku tatu. Bunduki ikabaki palepale mpaka uchunguzi ukamilike, na haukukamilika. Alipotoka alikuwa na maneno machache: mimi ni kijana, jina langu lisiingie kwenye vitabu vya watu wale. Kisha akaniambia nichukue kalamu.

"Mwandikie mama yako. Mwambie bunduki nimeiharibu mimi kwa uzembe wangu, polisi wameichukua. Asinisubiri."

Nikaandika. Mkono huuhuu. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, na chini nikaweka salamu zangu.

Msimu ule nguruwe dume alimkuta mama ameshuka dunguni, akampasua paja. Alipona, lakini mguu wa kushoto haukukunjika tena. Mjomba hakwenda kwao. Angeendaje mikono mitupu? Alirudi kwenye ulinzi, duka jingine, na kila alipokuwa na nafasi alipita polisi kuuliza. Mama hakumwandikia tena. Barua zake zilikuja kwangu, zikanisalimu mimi, zikawasalimu hata wapangaji, na jina la kaka yake halikuwemo. Mjomba alikuwa akiniuliza, "Ameniulizia?" Nikajibu, "Anakusalimu sana." Uongo ule nilimpa kwa miaka minane.

Alipougua kifua, nilimpigia mama simu ya maandishi. Alikuja, siku nne njiani kwa sababu ya mvua, akashuka Kariakoo na fimbo yake. Alipoingia chumbani, mjomba alijikokota akakaa, akajifunga shuka vizuri, akamtazama mdogo wake usoni, akangoja. Kila mtu aliyezaliwa kwetu anajua alichokuwa anangoja.

"Habari za hapa," mama akasema, akaweka kikapu chini.

Alimuuguza wiki mbili, alimpikia uji, alimwosha miguu, lakini shikamoo hakumpa hata siku moja. Kila asubuhi mjomba alimtazama anavyoingia, na kila asubuhi nilikuwepo, nimekaa pale kwenye kigoda changu kwa woga. Nilikuwa na siku kumi na nne za kusema maneno matatu. Mjomba aliponitazama alitikisa kichwa, kunikataza, nami nikakishika kile kichwa kama ruhusa. Alifariki siku ya kumi na tano, saa ya adhuhuri.

Watani hawaachi msiba upite kimya. Mtani wetu alikuwa mzee muuza kahawa wa mtaani, rafiki wa mjomba wa miaka mingi ambaye hakumficha kitu, na jeneza lilipokwisha kuwekwa uani tayari kutolewa, alijitokeza mbele yake na mchi wa kutwangia begani. Akapiga gwaride, kushoto kulia, kopo mkononi, mwendo uleule. Watu wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Akalala kifudifudi, akalenga jogoo wa jirani. Kisha akakaa chini, akautemea mate ule mchi, akaanza kuusugua kwa kanzu yake, anasugua, anasugua, kisha akaruka akasimama wima.

"Nimesugua mimi, afande! Mimi mwenyewe! Huyu kijana msimguse, hajui kitu!"

Vicheko vikapungua. Yeye aliendelea kupiga saluti, na machozi yalikuwa yanamtoka. Mtani husema lolote na hakuna anayemkasirikia.

Mama alikuwa amekaa na wanawake mlangoni. Akaegemea fimbo, akasimama.

"Mwanangu," akasema, "ile bunduki aliisugua nani?"

Hapakuwa na kichwa cha kunikataza.

"Mimi, mama."

"Na barua?"

"Alinituma niandike vile."

Hakunipiga wala hakunitukana, na mpaka leo natamani angefanya kimojawapo. Alitembea na mguu wake ule mgumu, wanaume wakampisha ingawa haikuwa mahali pa wanawake, mpaka akafika kwenye jeneza. Lilikuwa jeneza la msikiti, mbao tupu zisizopigwa vanishi, zimechubuka kwa mikono ya watu wengi. Akainama kwa shida, akaweka kiganja juu ya shuka lililomfunika mjomba.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Akabaki ameinama. Hata waliokwisha kushika miti ya jeneza hawakuinyanyua. Akarudia kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayedhani hakusikika mara ya kwanza.

"Shikamoo, kaka."