Sarafu Tatu za Nyumba Yetu

Baba alijivunia jambo moja: riziki ya nyumba yetu pale Pasiansi haikusimama kwa mguu mmoja. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na kukamua mbegu zake. Mama alikaanga samaki kwa mafuta ya pamba, akiwauzia wafanyakazi getini. Baba mdogo, kule Kisesa, alitufugia ng'ombe wa maziwa waliokula mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa.

Shuleni tulifundishwa uwezekano kwa kurusha sarafu. Ukitaka kujua uwezekano wa zote tatu kuangukia upande mbaya, zidisha uwezekano wa kila moja. Nikazidisha riziki zetu mbele ya Baba. Uwezekano wa zote kufa pamoja ulitoka mdogo mno. Akacheka, akanimegea samaki wake.

Kisha biashara ya pamba ikawa huria. Wanunuzi binafsi wakaisomba pamba kuipeleka kwingine, kiwanda kikafungwa. Getini hapakubaki mtu wa kula. Mashudu yakakoma, maziwa yakakatika.

Mwalimu aliendelea kurusha sarafu zake, nami nilitamani kumnyang'anya nizitupe ziwani. Kanuni ile inataka sarafu zisizojuana! Zetu zilifungwa kwenye uzi mmoja wa pamba, na hakuna aliyewahi kutuambia tutazame uzi.

Jioni moja tulikunywa uji mtupu. Baba akanisogezea kalamu.

"Zidisha tena, mwanangu," akasema. "Polepole. Huenda ulikosea."

Nikazidisha, yeye akiukodolea macho mkono wangu. Jibu likatoka lile lile.